Mto Mmoja, Kingo Mbili: Je, Vyama vya Wahandisi Viungane?

Msafiri atokaye Kayanga, mji mkuu wa Wilaya ya Karagwe, akishika njia ya kaskazini mpaka ardhi ya Tanzania imwishie, hufika Murongo katika Wilaya ya Kyerwa. Mbele yake hutiririka Mto Kagera, ambao hapo ndio mpaka wenyewe. Ng'ambo ni Kikagati, katika Wilaya ya Isingiro ya Uganda. Mnyambo wa Murongo na Mnyankole wa Kikagati husikizana bila mkalimani, na watu wao walizoeana tangu kabla ya mpaka kuchorwa. Hapo, baina ya kingo hizo mbili, mto umezuiliwa ili uzungushe mitambo ya kufua umeme yenye uwezo wa megawati 14. Mitambo hiyo ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2020, na kwa mapatano ya serikali mbili umeme wake ni wa kugawana nusu kwa nusu.

Watu husikizana na umeme hugawanywa, lakini wahandisi wa kingo hizo wamo katika vyama mbalimbali. Mhandisi Mtanzania huandikishwa katika daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Akipenda kukutana na wenzake wa taaluma hujiunga na Taasisi ya Wahandisi Tanzania. Akiwa na ofisi yake ya ushauri, ofisi hiyo huenda ikawa pia katika Chama cha Wahandisi Washauri Tanzania. Mwenzake wa Kikagati naye ana bodi yake na taasisi yake, zenye makao Kampala. Kila chombo kina ada yake, mkutano wake wa mwaka, kamati zake na kanuni zake za maadili, na mtu akizilinganisha kanuni hizo ataona kwamba zinafanana kwa mengi kuliko zinavyotofautiana.

Ndipo linapozuka swali ambalo limejadiliwa na wahandisi wa nchi nyingi kwa zaidi ya karne moja: vyama vinavyopishana katika kazi zao viungane kuwa kimoja, au kila kimoja kibaki kilivyo? Yaweza kudhaniwa kuwa hilo ni jambo la wenyewe kwa wenyewe, lisilomhusu mwalimu wa sekondari wala mwanafunzi wake. Sivyo. Mwanafunzi anayesoma fizikia leo huko Karagwe ndiye atakayelipa ada hizo kesho, na mwananchi anayesubiri maji ya bomba ndiye anayelipia gharama pale wahandisi wanapokosa mahali pa kuzungumza.

Hesabu moja, taaluma nne

Chanzo cha kupishana kwa vyama kimo ndani ya uhandisi wenyewe, na mtambo wa Murongo unakionyesha vizuri. Nguvu ya umeme inayopatikana kwa maporomoko ya maji hukadiriwa kwa kanuni ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaimudu:

P = 9.81 × Q × H × e

P ni nguvu kwa kilowati. Q ni ujazo wa maji yanayopita, kwa meta za ujazo kila sekunde. H ni kimo ambacho maji yanashuka, kwa meta. Na e ni ufanisi wa mitambo, yaani sehemu ya nguvu ya maji inayogeuka kuwa umeme badala ya kupotea kama joto, mtikisiko na mchafuko wa maji. Namba 9.81 yatokana na mvutano wa dunia.

Hebu tuchukue kimo cha meta 10 na ufanisi wa 0.9, kwa ajili ya mazoezi tu na si kama vipimo halisi vya Murongo. Ili kupata kilowati 14,000 yahitajika maji meta za ujazo 159 kila sekunde. Sasa ufanisi ukishuka kutoka 0.9 hadi 0.8, maji na kimo vikiwa vile vile, nguvu itashuka hadi karibu kilowati 12,500. Kilowati 1,500 zitakuwa zimetoweka bila tone la maji kupungua mtoni. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi kazi ya kutafuta ni taa ngapi za wati 10 zingewaka kwa nguvu hiyo iliyopotea.

Ajabu ya kanuni hii fupi ni kwamba kila herufi yake ina mwenyewe. Q ni ya mtaalamu wa elimumaji, ambaye lazima ajue mvua za vilima vya Rwanda na Burundi ambako mto huo huanzia, kwa kuwa maji yanayopita Murongo leo yalinyesha mbali. H ni ya mhandisi wa ujenzi, anayejenga ukuta na banio na kuhakikisha kwamba vimekaa juu ya mwamba usiohama. Kuhusu e, wana sehemu wawili: mhandisi mitambo, mwenye gurudumu linalozungushwa na maji, yaani tabaini, na mhandisi umeme, mwenye jenereta na transfoma. Hata hivyo alama zinazounganisha herufi hizo ni za kuzidisha, si za kujumlisha. Mmoja akishindwa kabisa, yaani herufi yake ikawa sifuri, jibu zima ni sifuri.

Na mipaka baina ya herufi hizo haionekani kwa urahisi. Lango la chuma linalofungua maji ni la nani? Limefungwa katika zege la mhandisi wa ujenzi, limetengenezwa na mhandisi mitambo, na linainuliwa kwa mota ya mhandisi umeme. Hata mwamba una watu wake. Wanajiolojia wa wakati wa ukoloni waliona kuwa matabaka ya miamba ya nchi hii hayasimami mpakani, wakayaita kwa jina la pande mbili: Karagwe-Ankole. Miamba hiyo imepenyezwa na itale ya umri wa miaka milioni 1,000 hivi, ambayo ndiyo iliyoleta madini ya bati yanayochimbwa Kyerwa, na yanayopatikana vilevile ng'ambo ya mto na huko Rwanda. Kwa hiyo mhandisi madini wa Kyerwa husoma ramani za jiolojia zile zile zitakiwazo na mjenzi wa bwawa, ila kila mmoja huzisoma katika jarida la chama chake.

Ikiwa kazi zapishana kiasi hiki, vyama vitaachaje kupishana?

Meza ndogo ya wilayani

Wanaojadili kuunganisha vyama huzoea kutazama mambo kutoka mji mkuu, ambako wahandisi ni wengi na kila fani yaweza kujaza ukumbi wake. Yafaa kutazama pia kutoka Kayanga, au kutoka Rubwera yalipo makao ya Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyozaliwa kwa kugawanywa Karagwe mwaka 2012. Barabara za vijijini na mijini husimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Maji ya vijijini ni kazi ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Nguzo na nyaya ni za TANESCO. Halmashauri nayo ina mhandisi wake. Wote hao, kwa wilaya moja, hawawezi kujaza darasa; pengine hawajazi hata meza.

Barabara moja hubeba kazi za wote. Kandoni mwake hupita bomba la maji. Juu ya mtaro husimama nguzo. Chini ya tuta huwekwa kalvati. Greda likishuka nusu meta zaidi ya ilivyotarajiwa, bomba hupasuka, na kijiji kizima hurudi kisimani mpaka fundi apatikane. Mkasa wa aina hii si wa Karagwe peke yake, waujua watu wa kila wilaya nchini. Sababu yake si ujinga wa fani, maana kila mhandisi alifanya kazi yake kwa vipimo sahihi. Sababu ni kwamba ramani ya mmoja haikupita mezani pa mwingine.

Katika mazingira hayo, kuwa na vyama vitatu au vinne vya taaluma ni sawa na kutokuwa na chama chochote. Tawi la watu wawili haliitishi mhadhara. Mijadala mingi ya kitaaluma hufanyika Dar es Salaam, Dodoma au Arusha, na kutoka Kayanga hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Mhandisi kijana aliyepangiwa kazi Kyerwa hulipa ada sawa na mwenzake wa mjini, lakini anachokipata ni barua na tangazo. Hoja ya kuunganisha vyama ina nguvu zaidi hapa wilayani kuliko popote pengine, ingawa huku ndiko isikosikika.

Walipokuwa chama kimoja

Wengi wa vijana wa leo hawajui kwamba wahandisi wa Afrika Mashariki walikwisha kuwa na chama kimoja. Kabla ya vyama vya kitaifa palikuwapo Taasisi ya Wahandisi ya Afrika Mashariki, iliyokusanya wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania. Jambo hilo lilikuwa la kawaida kabisa kwa wakati ule. Reli, bandari na posta vilikuwa vya pamoja. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, kiliwagawia wanafunzi kwa fani: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, na uhandisi Nairobi. Mtanzania na Mganda waliotaka kuwa wahandisi walikaa dawati moja Nairobi, wakafundishwa na mwalimu mmoja, wakatoka na vyeti vya namna moja. Kuwa chama kimoja baada ya hapo hakukuhitaji hotuba.

Kilichokuja kuwatenga kilianza na sheria. Mwaka 1968 Tanzania ilitunga sheria ya usajili wa wahandisi. Kenya na Uganda zikafuata mwaka 1969 kwa sheria zao. Chuo kikuu cha pamoja kikavunjika mwaka 1970, na mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha kitivo chake cha uhandisi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 taasisi za kitaifa zikachukua nafasi ya ile ya pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikafa. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakaingia kaskazini ya Kagera, na daraja la Kyaka, ambalo lilikuwa njia kuu ya kuvukia mto huo, likavunjwa. Baada ya hapo nani angezungumzia chama kimoja cha wahandisi wa kingo mbili?

Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba chama hakikufa kwa sababu wanachama wake waligombana juu ya uhandisi. Kilikufa kwa sababu vitu vilivyokishikilia, yaani shule moja, mwajiri mmoja na sheria inayofanana, viliondoka kimoja kimoja. Anayetaka kukifufua leo hana budi kuuliza ni vingapi kati ya vitu hivyo vimerudi.

Baadhi vimerudi. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini mwaka 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake nchi wanachama ziliahidi kutambuliana vyeti vya elimu na sifa za taaluma. Mwaka 2012 vyombo vinavyosajili wahandisi wa Kenya, Tanzania na Uganda vilitiliana saini mapatano ya kutambuana, na Rwanda ikaingia baadaye. Kwa mapatano hayo mhandisi aliyesajiliwa Kampala haulizwi upya kama kweli amesoma. Huomba usajili Tanzania kwa nguvu ya ule alio nao. Lakini kutambuliwa si kuajiriwa. Kibali cha kazi hakitolewi na bodi ya wahandisi, kwa hiyo anayevuka kutoka Kikagati kuja kufanya kazi Murongo anatambuliwa na wenzake, kisha anasimama dirishani pa ofisi nyingine.

Mafunzo ya ng'ambo

Nchi zilizotangulia zimepita njia hii, na hazikupita kwa mstari ulionyooka.

Uingereza ndiko vyama vilikozaana sana. Taasisi ya wahandisi wa ujenzi ilianzishwa mwaka 1818. Mwaka 1847 wahandisi mitambo walianzisha yao mjini Birmingham, na rais wao wa kwanza akawa George Stephenson, baba wa reli. Kuna hekaya isemayo kwamba Stephenson alikasirika kwa kuwa taasisi ya kwanza ilimtaka aandike insha ya kuthibitisha ujuzi wake, naye alikuwa mtu asiyesoma shuleni. Wanahistoria wengi hawaiamini hekaya hiyo, lakini inapendwa, labda kwa kuwa kila chama hupenda kuamini kwamba kilizaliwa kwa dhuluma. Mwaka 1871 wakaja watu wa simu ya maandishi, ambao chama chao kiligeuka baadaye kuwa taasisi ya wahandisi umeme. Kila ufundi mpya uliozuka ulizaa chama chake: wa magari ya moshi, wa manispaa, wa redio.

Karne iliyofuata mkondo uligeuka. Wahandisi wa magari ya moshi waliingia katika taasisi ya mitambo mwaka 1969, wale wa manispaa wakaingia katika ile ya ujenzi mwaka 1984, na wale wa redio na elektroniki katika ile ya umeme mwaka 1988. Mwaka 2006 taasisi ya umeme iliungana na chama cha wahandisi wa ngazi ya kati, kikazaliwa chombo kinachoitwa kwa vifupisho IET, ambavyo kwa sadfa ndivyo pia vifupisho vya Kiingereza vya Taasisi ya Wahandisi Tanzania. Muungano huo wa mwisho ni wa kuangaliwa kwa makini kuliko ile mingine, kwa kuwa haukuunganisha fani mbili bali ngazi mbili. Katika Afrika Mashariki swali la nani anastahili kuitwa mhandisi, na nani fundi sanifu, huchoma zaidi kuliko swali la ujenzi na umeme.

Mfano ulio wazi kupita yote, hata hivyo, ni wa Marekani. Huko palikuwa na taasisi ya wahandisi umeme tangu mwaka 1884, iliyoshughulika hasa na nyaya, mota na mitambo ya kufua umeme. Mwaka 1912 vyama viwili vidogo vya watu wa redio viliungana kuwa Taasisi ya Wahandisi wa Redio. Kwa muda mrefu kila mmoja alijua shamba lake. Kisha, mwaka 1947, ikavumbuliwa transista. Je, transista ni umeme au ni redio? Wote wawili walisema ni yao. Majarida yao yakachapa makala za namna moja; vyuoni wanafunzi wakaunda matawi ya pamoja kwa kuwa hawakuona maana ya kuchagua; na kufikia mwaka 1957 chama cha redio, kilichokuwa kidogo, kikampita mkubwa wake kwa idadi ya wanachama. Tarehe 1 Januari 1963 vikaungana kuwa IEEE, chenye wanachama wapatao 150,000.

Yaliyotokea baadaye yana funzo. Chama hicho kimoja hakikubaki kimoja ndani. Leo kina vyama vidogo vya fani karibu 40: vya kompyuta, vya nguvu za umeme, vya mawasiliano na kadhalika. Kilichounganishwa ni daftari la wanachama, hazina, kiwanda cha majarida na jina. Kilichobaki mbalimbali ni mazungumzo ya wajuzi, kwa sababu mtu wa antena hana saa nzima ya kumsikiliza mtu wa transfoma. Asemaye kwamba kuunganisha vyama kutafuta tofauti za fani hajautazama mfano huu hadi mwisho.

Yasiyopaswa kuunganishwa

Katika kulipima swali hili kwa upande wetu, hapana budi kutenganisha kazi tatu ambazo mara nyingi huchanganywa katika neno moja la "chama".

Kazi ya kwanza ni elimu: mihadhara, majarida, ziara za kutembelea mitambo, malezi ya wahandisi wachanga. Ya pili ni masilahi: ada za ushauri, mikataba, heshima ya taaluma mbele ya serikali na waajiri. Ya tatu ni nidhamu: kuamua nani anastahili kuitwa mhandisi, na nani avuliwe jina hilo kwa kosa.

Nidhamu ni mamlaka ya umma. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania imewekwa kwa Sheria Namba 15 ya mwaka 1997, na ina uwezo wa kumfutia mtu usajili. Uwezo huo haufai kukabidhiwa chama cha hiari, kwa kuwa chama hutafuta wanachama, na anayetafuta wanachama huona taabu kuwafukuza. Wala haufai kukabidhiwa chombo cha nchi mbili, maadamu mahakama ni za nchi moja moja. Ukuta ukipasuka Murongo na maji yakabomoa nyumba, mwananchi wa Kyerwa ana haki ya kujua ni bodi gani itakayomwita mhandisi, na kwa sheria ipi. Tanzania yenyewe mwaka ule wa 1997 ilitenganisha badala ya kuunganisha: kwa sheria tatu zinazofuatana, namba 15, 16 na 17, wahandisi, wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi, na makandarasi walipewa kila kundi bodi yake. Kabla ya hapo wabunifu, wakadiriaji na makandarasi wa majengo walikuwa chini ya bodi moja. Ilikuwa hatua ya busara. Anayechora, na anayejenga kwa kufuata mchoro, hawapaswi kukaa katika kiti kimoja cha hukumu.

Masilahi nayo yana mgongano usiofutika. Mhandisi mwajiriwa wa wakala wa barabara ndiye mteja. Mwenye ofisi ya ushauri ndiye muuzaji. Mmoja hutaka kazi kwa gharama ndogo, mwingine hutaka ada inayomwezesha kuishi. Kuwatia wote katika chama kimoja na kuwataka waseme kwa sauti moja kuhusu ada ni kumtaka mmoja wao anyamaze, na uzoefu wa vyama vingi waonyesha kwamba anyamazaye ni yule mwenye muda mfupi wa kuhudhuria vikao, yaani yule wa wilayani. Chama cha Wahandisi Washauri kina sababu ya kuendelea kuwapo.

Inabaki elimu, na hapo ndipo utetezi wa kuendelea na utengano unapokosa nguvu. Hakuna elimu ya Kitanzania ya tabaini na nyingine ya Kiganda. Kipimo cha maji ya Mto Kagera husomwa kwa mto mzima. Nyufa za mwamba wa Karagwe-Ankole hufuata sheria zile zile Murongo na Kikagati, na mzunguko wa umeme pande zote mbili ni 50 kwa sekunde. Kuendesha majarida mawili, mihadhara miwili na matawi mawili ya kufundisha jambo moja ni matumizi mabaya ya watu wachache.

Tahadhari moja yafaa itolewe, nayo yatoka katika mto huu huu. Tarehe 24 Agosti 1977, huko Rusumo, Burundi, Rwanda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kuanzisha shirika la kuendeleza bonde la Kagera. Uganda ilijiunga mwaka 1981. Shirika hilo lilipewa kila kazi iwezekanayo: umeme, kilimo, uchukuzi, mawasiliano, na hata mapambano dhidi ya mbung'o. Mwaka 2004 lilivunjwa, na maporomoko ya Rusumo yalikuwa bado hayajafua umeme. Mtambo wa Rusumo wa megawati 80 ulikuja kujengwa baadaye sana, kwa mpango mwingine, na kampuni inayomilikiwa na nchi tatu kwa kazi hiyo moja. Chombo kikubwa kilichobeba kila kitu kilishindwa pale ambapo chombo chembamba kiliweza. Anayependekeza leo chama kimoja kikuu cha wahandisi wote wa Afrika Mashariki, chenye katibu mkuu, jengo na bendera, na autazame kwanza mkataba huo.

Njia iliyo karibu

Kwa hiyo jibu lenye manufaa si la ndiyo wala la hapana kwa ujumla wake. Bodi zibaki za kitaifa na ziendelee kutambuana. Vyama vya masilahi vibaki na wenyewe. Kazi ya elimu iunganishwe, na iunganishwe kuanzia chini: tawi moja la wahandisi wa fani zote kwa Karagwe na Kyerwa, ambalo mwanachama wa chama chochote ana kiti ndani yake, na ambalo ada yake inatokana na sehemu ya ada anayolipa tayari makao makuu. Tawi hilo lingekuwa pia mahali pa mhitimu mpya, ambaye kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili anatakiwa kufanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka isiyopungua mitatu. Leo mhitimu aliyepangiwa wilaya za mpakani aweza kukosa mhandisi wa fani yake wa kumwangalia, ilhali ng'ambo ya mto yupo mmoja.

Pingamizi litatoka kwa viongozi wa vyama, na si vibaya kusema hivyo waziwazi. Vyama viwili vikiungana, marais wawili hupungua kuwa mmoja. Huko Marekani ilibidi miaka mingi ya mazungumzo, na wanafunzi ndio waliotangulia kuungana wakati wakubwa wao wakiandikiana barua.

Kuna nafasi ya kuanzia ambayo haihitaji kikao cha Bunge wala marekebisho ya katiba ya chama. Kila mtambo wa kufua umeme husimamishwa mara kwa mara kwa ukaguzi: maji hufungwa, tabaini hufunguliwa, mapanga yake hutazamwa kama yameliwa na mchanga. Siku kama hiyo hapo Murongo, taasisi za wahandisi za Tanzania na Uganda zikiwaalika wanachama wao wa jirani, pamoja na wahandisi wa barabara, maji na madini wa Karagwe, Kyerwa na Isingiro, na basi moja la wanafunzi wa sekondari wa kila ukingo, gharama haitazidi nauli na chakula cha mchana.